Kadi ya Kijani ya Mama wa Gunia

Kwenye dirisha la tiketi nililokaa miaka mingi pale stendi ya Iringa, mimi ndiye niliyekuwa naamua abiria ni mtu wa namna gani. Sisemi kwa majigambo. Kampuni yetu ya mabasi ilileta kadi za wateja, kadi zikawa na rangi, kila rangi na zawadi yake, na aliyekuwa anamtazama mtu usoni halafu anabonyeza rangi kwenye kompyuta ni mimi. Kuna mama mmoja wa Kihesa nilimbonyezea kijani. Alikuwa anasafiri kila wiki ya tatu kwenda Mbeya kuwekewa dripu ya dawa ambayo bila hiyo asingeishi, na hakutaka mtu yeyote ajue. Yote mawili niliyajua. La kwanza lilinitia huruma, la pili sikulipa uzito. Basi hapo ndipo nilipoharibu.

Kadi zililetwa na bwana mmoja wa masoko kutoka makao makuu, Dar es Salaam. Alikuja na kompyuta ya mapajani na viatu vyeupe ambavyo vumbi la stendi lilivimaliza kabla ya saa nne asubuhi. Alitukusanya wakata tiketi, makonda na wapakiaji kwenye chumba cha vifurushi, akatuambia kosa letu ni kuwapenda abiria wote sawasawa. Punguzo la nauli, alisema, ni kupoteza bure. Mfanyabiashara hajali nauli, anaipachika kwenye bei ya mali yake. Kinachomuuma ni mzigo, kwa hiyo mpe gunia moja lipande bure. Mtumishi wa serikali nauli analipiwa na ofisi, mpe kiti cha mbele, maji ya baridi, na umwite mheshimiwa. Mwanafunzi hana hela ila ana mdomo, mpe bando la simu atakuletea bweni zima. Kwaya mpe mwenyekiti wake kiti cha bure, naye atakuletea sauti zote nne pamoja na mpiga kinanda.

Mimi mdomo wangu haujawahi kukaa kimya mahali panapotakiwa ukimya. Nikamuuliza, na wagonjwa je? Maana mabasi ya Mbeya kila siku yana watu wanaokwenda hospitali kubwa. Yule bwana akafurahi kweli. Akasema hilo ndilo kundi analolipenda, kwa sababu mgonjwa hasafiri peke yake. Mpe safari ya nne bure na kiti cha karibu na mlango, anayemsindikiza atalipa zote. Akatuambia tushike neno moja tu: zawadi haiendi kwa anayeistahili, inaenda kwa anayeweza kuhamia kwa jirani, au kwa anayekuja na mtu mwingine nyuma yake. Mpakiaji wetu mmoja akauliza, sasa mgonjwa akifa? Bwana akajibu kwamba kundi la misiba litakuja awamu ya pili. Hakuwa anatania. Tulicheka sote, na mimi nilicheka kuliko wengi.

Kwenye karatasi liliandikwa Kundi la Afya, rangi yake kijani. Pale stendi tuliliita kadi ya wagonjwa, na haikuchukua wiki tukagundua kwamba hakuna anayeitaka. Bure hawataki, kiti cha mlangoni hawataki. Mtu unamwona kabisa miguu imevimba, faili la hospitali linachungulia kwenye mkoba, ukimuuliza anasafiri kwa shughuli gani anakwambia anakwenda kumsalimia shangazi. Nilikuwa nawaambia wenzangu Mbeya ina mashangazi wengi kuliko mji wowote hapa nchini. Mimi mwenyewe ni mzaliwa wa Mbeya, nimekulia mtaa wa Soweto, na sikuwahi kuwaona hao mashangazi wote.

Makao makuu wakatuma ujumbe: mkata tiketi atakayelijaza kundi la kijani haraka kuliko wengine atapewa simu mpya. Hapa lazima niseme kweli, la sivyo sina sababu ya kuandika. Niliitaka ile simu. Yangu kioo kilikuwa kimepasuka hadi ukipangusa kinakukata kidole.

Yule mama alikuwa na miaka kama hamsini na nane hivi, mjane, anauza maandazi nje ya shule ya msingi. Siku ya kwanza alipofika dirishani alinisalimia kwa Kihehe, kamwene, nikamwitikia, nikamwamkia na shikamoo juu yake maana kwetu salamu moja haitoshi kwa mtu mzima. Nilipomuuliza shughuli ya safari alijibu biashara. Ya nini, mama? Mchele, akasema. Nikambonyezea buluu, kadi ya wafanyabiashara. Aliipokea kwa mikono miwili, akaitazama pande zote, akaiweka ndani ya mtandio wake mzito ambao hakuuvua hata jua lilipochoma.

Kuanzia hapo alikuwa anakwenda kila wiki ya tatu na kurudi siku ya pili yake. Na kila aliporudi, gari lilisimama njia panda ya Rujewa, bodaboda kutoka mashine za kukoboa mpunga anampakilia gunia moja. Likifika Iringa linashushwa, anakodi bajaji, anakwenda nalo Kihesa limesimama kitini kama abiria mwenzake. Mtaa mzima unaona. Mama wa watu mchapakazi, maandazi asubuhi, mchele wa Rujewa jioni.

Aliyeanza kuona kitu ni mpakiaji, huyuhuyu aliyeuliza habari ya kufa. Siku moja alilitoa lile gunia kwenye buti kwa mkono mmoja, huku mkono wa pili una chapati. Akaniambia huyu mama anauza upepo. Nikatoka, nikaliminya. Zilikuwa pumba. Maganda ya mpunga ambayo pale mashineni yamelundikana mpaka yanachomwa moto, hakuna anayekutoza hata senti ukijichotea. Kwa juu tu, kwenye mshono, kulikuwa na mchele kidogo, ili mtu akichungulia aone punje nyeupe. Nikarudi dirishani nikamtazama yule mama vizuri alipokuja kuulizia gari la safari ijayo. Nyusi zake zilikuwa za kuchora.

Nilikuwa nazifahamu nyusi za kuchora. Mama yangu mzazi, pale Soweto, alikuwa anazichora kwa wanja kila asubuhi kabla hajagusa uji, mimi nimemshikia kioo. Nyusi zake zilitoka pamoja na nywele zote baada ya dripu ya pili. Uvimbe wake ulianzia titini, na alituficha mpaka harufu ikamtolea siri. Kwa hiyo sikuhitaji daktari kuniambia yule mama anakwenda Mbeya kufanya nini, wala kwa nini mkono wake wa kushoto ulikuwa na alama ya plasta kila aliporudi, wala kwa nini alikuwa anakunja mkononi mfuko mweusi mtupu wa kutapikia anapopanda gari.

Sasa akili yangu ilivyofanya kazi ni hivi. Nilijiambia: huyu mama anapata nini kwenye kadi ya buluu? Kampuni inambebea pumba bure. Nauli yake anaitoa kwenye noti zilizonuka mafuta ya kukaangia, na kuna safari mbili ambazo alikuja siku moja baada ya tarehe yake kwa sababu hakuwa nayo kamili. Kijani kingempa safari ya nne bure, kingempa kiti cha mlangoni ambako mtu anaweza kutapika bila kuvuka miguu ya watu. Hivyo ndivyo nilivyojiambia, na ni kweli. Na ni kweli pia kwamba wakati nabonyeza nilikuwa nimebakiza majina mawili tu kulijaza kundi. Sikumuuliza. Nilitaka iwe zawadi ya kushtukiza. Jamani, kuna watu hawatakiwi kukaa karibu na kompyuta.

Siku ya safari yake iliangukia siku ambayo nilikuwa nimeuza viti vingi vya katikati kwa kwaya ya usharika mmoja wa pale mjini, wanakwenda kuimba kwenye jubilei huko Mbeya. Mwenyekiti wao, mwanamke mnene mchangamfu, alikuwa ameshapata kiti chake cha bure, amekaa nacho kwa raha zote. Mama wa Kihesa aliingia taratibu, akaenda nyuma kwenye kiti alichozoea. Nilikuwa nimemwambia konda mapema kwamba leo tuna abiria wa kijani, amtunze. Konda alikuwa kijana mwenye adabu, akafanya kama nilivyomwagiza. Alisimama mlangoni na orodha yake akaita kwa sauti ya stendi.

"Yuko wapi mama mgonjwa wa kadi ya kijani? Kiti chako kiko hapa mlangoni. Jamani mpisheni mgonjwa apite."

Yule mama hakunyanyuka. Konda akataja namba ya kiti alichokaa. Akasema si yeye. Konda akamsomea jina lake lote, la kwake na la baba yake na la marehemu mumewe, kwa upole kabisa, ili kumwondolea wasiwasi. Ndipo mama akageukia dirisha la basi akanitazama. Mimi nilikuwa nimesimama pale chini kwenye vumbi, nimejaa furaha, nikampungia mkono.

Yaliyofuata nilihadithiwa na konda kesho yake. Mama alisogea mbele kwa sababu watu walikuwa tayari wamesimama kumpisha, na kukataa kungekuwa aibu ya pili. Kabla gari halijamaliza mteremko wa kutoka mjini, mwenyekiti wa kwaya alikuwa ameshafika mlangoni kumpa pole. Akamuuliza anaumwa nini. Mama akasema kichwa tu. Mwenyekiti akamwambia kichwa hakimpeleki mtu Mbeya. Akamwekea mkono begani, ule upande wenye uvimbe, mama akajikunja, na mwenyekiti akaona. Wakaanza kumwombea. Waliomba kwa zamu, sauti ya kwanza, sauti ya pili, halafu wakamwimbia. Konda aliniambia ilikuwa safari nzuri sana, hata dereva alikuwa anaitikia. Walipofika Mafinga mama akasema amesahau kitu nyumbani, akashuka. Wakamwombea na kwa hilo pia. Akapanda gari dogo akarudi Iringa, na dripu ya siku hiyo haikuwekwa.

Siku mbili baadaye alikuja dirishani. Hakuwa na safari. Aliiweka kadi mezani, ile ya buluu niliyompa mwanzo, maana ya kijani hata sikuwa nimewahi kumkabidhi.

"Mwanangu," akasema, "nani alikuambia mimi ni mgonjwa?"

"Hakuna aliyeniambia, mama. Niliona mwenyewe."

"Uliona. Na mimi nilikuona unaona. Nikadhani umeamua kunyamaza."

Nyuma yake kulikuwa na foleni, nikamwambia dada wa dirisha la pili aichukue, nikatoka nje tukakaa kwenye benchi la wasubiri vifurushi. Akanieleza kwa sauti ya chini, bila hasira, na afadhali angekuwa na hasira. Binti yake wa pekee alikuwa anaposwa. Barua ya posa ilishaletwa, na upande wa mwanamume ulikuwa kwenye ile hatua ambayo wazee wa kwetu huku hawaruki: kuuliza ukoo. Wanatuma watu wapite mtaani, kanisani, sokoni, waulize kimyakimya kama kwenye ukoo ule kuna kifafa, kuna wazimu, kuna ugonjwa unaotoka kwa mama kwenda kwa binti. Hawamuulizi mwenye nyumba. Wanaangalia. Na mama alijua wanaangalia, ndiyo maana ya gunia, ndiyo maana ya bajaji kupita katikati ya mtaa mchana kweupe. Mwenyekiti wa kwaya alikuwa shangazi yake yule mwanamume. Safari hii shangazi alikuwa wa kweli.

Upande wa mwanamume hawakuvunja posa. Walituma ujumbe kwamba wanaomba muda watafakari.

Nilimwambia nitamrudisha kwenye buluu saa hiyohiyo, ni kubonyeza tu. Akaniuliza, "Kompyuta utaibadilisha. Kwaya utaibadilisha?"

Alisema hatakwenda Mbeya tena mpaka harusi ipite. Akionekana stendi watahesabu safari zake. Akikaa nyumbani, akakaanga maandazi kila siku, akaonekana kanisani kila Jumapili amesimama wakati wa kusimama, watasema mwenyekiti hakuona vizuri, ilikuwa kichwa kweli. Nikamuuliza, na dawa? Maana nilijua dripu zile hazirukwi, mama yangu aliruka moja tu na daktari alimgombeza kama mtoto. Akasema binti yake akikosa ndoa kwa ajili ya titi la mama yake, hiyo dawa itakuwa imemponya nani. Aliponyanyuka aliniomba kitu kimoja, nisifike Kihesa.

Nilifika. Nilikaa wiki mbili nikashindwa, nikaenda Jumamosi moja asubuhi na mpango wangu mpya kichwani, maana mimi siishiwi mipango. Nilitaka nimkatie tiketi kwa jina langu mimi, apande gari la alfajiri la kampuni nyingine, ashuke Uyole asifike stendi ya Mbeya kabisa. Nilimkuta njiani. Alikuwa anatoka bombani na ndoo kubwa ya maji kichwani, anapita mbele ya nyumba ya mshenga, shingo imenyooka, mkono mmoja umeishika ndoo na mwingine unawasalimia watu. Maji yalikuwepo uani kwake, bomba analo. Nilimfuata kwa mbali. Alipokata kona ya nyuma ya nyumba yake, aliitua ndoo nusu ikamwagika, akakaa chini palepale kwenye matope, akafumba macho. Alipofumbua macho akaniona, akatikisa kichwa tu, kwamba hapana, kabla sijasema lolote. Nikarudi zangu na mpango wangu.

Simu niliipata. Kundi la kijani la Iringa lilijaa la kwanza, na yule bwana wa viatu vyeupe alikuja mwenyewe kunikabidhi. Alinipiga picha nimeshika boksi, akawaambia wenzangu wajifunze kwangu namna ya kumjua mteja. Nilitabasamu kwenye picha. Ninayo bado, na meno yote yanaonekana.

Posa ikaendelea. Upande wa mwanamume walitafakari miezi kadhaa, wakaona mama mkwe yuko imara, anabeba maji, anakaanga, anasimama kanisani, wakaleta mahari. Nilialikwa harusini, sijui kwa nini alinialika. Pengine alitaka nione. Nilikaa meza ya nyuma kabisa ya ukumbi. Alikuwa amekonda, lakini gauni lilishonwa kwa ustadi, na upande mmoja wa kifua lilijazwa khanga iliyokunjwa ili pande zote mbili zilingane. Mimi niliitambua kwa sababu haikusogea alipocheza. Alicheza. Wakati wa kumpelekea bibi harusi zawadi alitangulia mstari mzima wa akina mama, ameshika kitenge juu kwa mikono yote miwili, nyusi zimechorwa vizuri kuliko siku zote. Mwenyekiti wa kwaya alikuja kukaa kando yangu, jasho linamtiririka kwa furaha. Akaniuliza kama namkumbuka yule mama wa kwenye basi. Nikasema namkumbuka.

"Mtazame leo," akaniambia. "Watu wanasema maombi hayafanyi kazi."

Sikumchukia. Alikuwa amemwombea kwa moyo wake wote, kama mimi nilivyombonyezea kijani. Ila nilinyanyuka nikaenda nje, nikalia nimeshikilia nguzo ya banda la jenereta, mpaka mlinzi akaja kuniuliza kama nimefiwa.

Wiki moja baada ya harusi alikuja dirishani asubuhi na mapema. Safari hii hakusema biashara, na mimi sikuuliza. Nilimkatia tiketi, nikamsindikiza mpaka kitini, kule nyuma alikozoea. Alirudi kesho yake. Nilikuwa nimejiweka karibu na buti wakati wapakiaji wanashusha mizigo, nikaangalia magunia yote yanavyotoka, moja baada ya jingine, na la kwake halikuwepo. Alishuka na mkoba wake tu. Nikamuuliza hospitali wamesemaje. Akanishika mkono, akasema wamempa dawa za maumivu, na wamemwambia asijisumbue tena na safari. Akapanda bajaji peke yake.

Alifariki mvua za kwanza zilipoanza. Alizikwa kijijini kwao, na ndugu walipokuja kukodi basi, lile kundi la awamu ya pili lilikuwa limeshafika: kila waombolezaji kadhaa, mmoja anasafiri bure. Ilibidi niwaulize wako wangapi. Binti yake ndiye aliyekuwa anahesabu kwa vidole, tumbo limeanza kuonekana, akawa anakosea na kuanza upya. Nilimwangalia, nikatamani kumwambia, nenda kapimwe titi, mama, nenda mapema, usisubiri. Nilinyamaza. Safari hiyo nilinyamaza, na sijui mpaka leo kama ndiyo ilikuwa siku ya kunyamaza.

Niliacha kazi ile mwaka uliofuata. Watu nimewaambia ni mgongo, kukaa sana kitini.

Sasa nina miaka hamsini na mbili. Nina duka dogo la vifaa vya shule, nina binti anayemaliza chuo, na kuna kijana wa watu wanaojiheshimu ambaye amekwishaanza kuja nyumbani kunisalimia akiwa amechomekea shati. Mwezi uliopita, nikioga, mkono wangu ulikutana na kitu chini ya kwapa la kushoto, kigumu, kisichouma. Nilikaa nacho siku tisa bila kumwambia mtu. Nilijua ninachotakiwa kufanya, nani anajua kuliko mimi? Siku ya kumi nikaenda stendi.

Dirisha ni lilelile, wamelipaka rangi tu na kuweka kioo kizuri. Nyuma yake alikaa binti mdogo, mpole, kucha ndefu, anabonyeza kompyuta kwa haraka ambayo mimi sikuwahi kuwa nayo. Aliniamkia vizuri. Akaniuliza kama nina kadi. Nikasema sina. Akasema si neno, atanitengenezea sasa hivi, ni bure, ila anahitaji kujua aniweke kundi gani. Kisha akainua macho akanitazama, usoni kwanza, halafu kwenye mkono wangu wa kushoto ambao nilikuwa nimeubana bila kujua. Alinitazama kwa huruma. Naifahamu ile huruma.

"Mama, unakwenda Mbeya kwa shughuli gani?"

"Biashara," nikasema.

"Ya nini?"

"Mchele wa Rujewa."

Akabonyeza. Akaniuliza nitarudi na magunia mangapi. Nikamwambia moja.